Kutiisha, Kulima, Kutunza: Lugha ya Wakristo wa Kiinjili Kuhusu Mazingira

Mnamo mwaka wa 1967 mwanahistoria wa Kimarekani, Lynn White, alichapisha katika jarida la Science makala mafupi yaliyodai kwamba mzizi wa uharibifu wa mazingira umo katika Ukristo wa nchi za Magharibi. Kwa maoni yake, dini hiyo ndiyo iliyompa mwanadamu idhini ya kuitumia dunia apendavyo. Tangu hapo Wakristo wa kiinjili, yaani wale waifanyao Biblia kuwa hakimu wa mwisho wa imani na mwenendo, wameandika majibu mengi. Majibu hayo yamezoea kupimwa kwa mizani ya teolojia. Hapana budi yapimwe pia kwa mizani ya lugha, maadamu ni maandishi yanayosimama au kuanguka kwa uzito wa vitenzi vichache.

Vitenzi vyenyewe vimo katika sura mbili za mwanzo za kitabu cha Mwanzo. Katika sura ya kwanza mwanadamu anaagizwa kutiisha na kutawala. Katika sura ya pili anawekwa bustanini kulima na kutunza. Hoja kuu ya waandishi wa kiinjili ni kwamba agizo la pili ndilo linalofasiri lile la kwanza: atawalaye hutawala kwa kutunza. Ni hoja nzuri, na katika Kiebrania ina nguvu kuliko inavyodhihirika katika Kiswahili. Kitenzi abad, kilichotafsiriwa kulima, kina pia maana ya kutumikia, hivi kwamba mkulima wa Edeni ni mtumishi wa udongo uleule aliofinyangwa kwao. Kitenzi shamar, yaani kutunza, ndicho kinachosikika tena Kaini anapouliza kama yeye ni mlinzi wa nduguye. Ndicho kinachotumiwa kwa makerubi waliowekwa kuilinda njia ya mti wa uzima. Tena ndicho kilichomo katika baraka ya makuhani katika kitabu cha Hesabu. Msomaji wa Kiebrania anaufuata uzi mmoja kutoka bustanini hadi madhabahuni. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka wa 1952 walitumia kutunza mahali pa kwanza, na kulinda mahali pote palipofuata. Hawakukosea, kwani kila neno linafaa pale lilipo. Lakini uzi umekatika, na mhubiri anayeitegemea tafsiri hiyo peke yake hana njia ya kuona kwamba swali la Kaini linamhusu pia mwenye shoka msituni.

Kutiisha nako kuna mashaka yake. Hii ni kauli ya kutendesha ya kutii, na katika Kiswahili anayetiishwa ni adui, mtumwa au mtoto mkaidi. Katika nchi ambayo iliwahi kutiishwa yenyewe, kitenzi hiki hakisomwi kwa utulivu.

Waandishi wa kiinjili huepuka neno mazingira wapatapo nafasi, na kwa hili wana haki. Neno hilo limetokana na kuzingira; mwanadamu anawekwa katikati, na miti, mito na wanyama wanakuwa ua wake. Badala yake wao husema habari za utunzaji wa uumbaji. Hapa msikivu wa Kiswahili atasita. Kiingereza kina neno moja kwa tendo la kuumba na kwa vitu vilivyoumbwa. Kiswahili hutofautisha. Uumbaji ni tendo, kama vile upikaji ulivyo tendo. Kilichotokana na tendo hilo ni kiumbe, viumbe, maumbile. Tendo la Mungu halitunzwi na mtu. Kinachotunzwa ni viumbe, na neno viumbe lina faida ambayo wahubiri hawajaitumia ipasavyo: mwanadamu mwenyewe yumo ndani yake. Mswahili akisema kwa huruma kwamba fulani ni kiumbe, amekwisha kumweka katika safu moja na mbuzi na mkoko.

Kuhusu uwakili pana utata zaidi. Sitiari inayopendwa kuliko zote katika maandishi haya ni ya msimamizi aliyekabidhiwa mali isiyokuwa yake, na Biblia ya 1952 humwita wakili. Mjini Nairobi leo wakili ni mtu wa mahakamani anayelipwa na mteja. Hata katika maana ya kale, wakili hushika hatamu pale mwenye mali asipokuwapo, jambo ambalo Mkristo hawezi kulikiri kuhusu Mungu wake. Isitoshe, wakili maarufu kuliko wote katika Injili ni yule wa Luka sura ya 16, aliyepunguza hati za madeni. Udhaifu wa sitiari hii ulijitokeza wazi nchini Marekani. Tangazo la kiinjili la mwaka wa 1994 kuhusu utunzaji wa viumbe lilisimama juu ya uwakili na kutubia uharibifu wa aina saba, ukiwemo wa ardhi, wa misitu na wa maji. Tangazo la Cornwall la mwaka wa 2000 lilisimama juu ya uwakili uleule na kumtetea mwanadamu kama mzalishaji, huku likiwashuku wapenda masharti ya serikali. Neno likiweza kuwabeba wapinzani wawili bila kuchoka, halijasema mengi. Kiswahili kina neno amana, ambalo lingefaa zaidi. Amana si ya aliyewekewa. Huhifadhiwa ili irudishwe, na kuila ni hiana. Tena ni neno ambalo Mkristo wa pwani na jirani yake Mwislamu wanalielewa kwa namna moja.

Tangazo lile la 1994 lina kasoro nyingine ambayo ni ya kifani. Limeandikwa kwa mtindo wa orodha: kosa, toba, wito. Hamna mtu ndani yake, wala mahali. Likilinganishwa na kitabu cha Francis Schaeffer kuhusu uchafuzi na kifo cha mwanadamu, cha mwaka wa 1970, tofauti ni kubwa. Schaeffer ni mwanafalsafa wa mimbarini, na kurasa zake nyingi ni nzito. Ila kuna mahali anasimulia safari yake kwenye shule moja ya Kikristo iliyotazamana na makazi ya vijana wasioamini, bonde likiwa kati. Alivuka, akakuta mahali pamepambwa kwa uangalifu. Kisha akageuka na kutazama alikotoka, akaiona shule ya Kikristo ilivyo mbaya. Wakristo walitazama uzuri wa wapagani; wapagani walitazama ubaya wa Wakristo. Bonde hilo linafanya kazi ambayo sura nzima za hoja hazikuifanya, kwa kuwa msimulizi ameyakubali mashtaka ya White kwa macho yake mwenyewe, kabla ya kuanza kujitetea.

Mkondo huu wa masimulizi ndio uliomzaa Peter Harris, kasisi wa Kianglikana aliyeanzisha shirika la A Rocha nchini Ureno mwaka wa 1983. Kitabu chake cha 1993, Under the Bright Wings, kinahusu kituo cha kuchunguza ndege karibu na mlango wa mto wa Alvor. Jina la kitabu limetoka kwa mshairi Gerard Manley Hopkins, na la kitabu kilichofuata mwaka wa 2008 vilevile. Hopkins alikuwa padre Mjesuti. Kwamba mwandishi wa kiinjili alilazimika kubisha hodi kwa Mkatoliki ili apate lugha ya kuwasifu viumbe ni ushahidi wa umaskini wa hazina ya kwao: nyimbo nyingi za wokovu wa nafsi, chache za ndege.

A Rocha ni neno la Kireno lenye maana ya mwamba, na kituo cha shirika hilo huko Watamu kinaitwa Mwamba. Jirani yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita za mraba 420, makao ya bundi mdogo wa Sokoke. Mradi wa shirika hilo uitwao ASSETS huwalipia karo ya sekondari wanafunzi wa vijiji vinavyouzunguka msitu na hori ya Mida, na sehemu ya fedha hutokana na wageni wanaokanyaga daraja la mbao kati ya mikoko. Hapa kutunza kumepata maana ambayo pwani inaijua tangu kale: bi harusi hutunzwa, mchezaji ngoma hutunzwa, yaani huzawadiwa. Anayelinda msitu naye anatunzwa. Mhubiri anayetafuta mfano hana haja ya kwenda Alvor.

Kikwazo kigumu zaidi kimo mwishoni mwa Biblia. Katika Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 3, tafsiri ya 1952 inasema kwamba nchi na kazi zake zitateketea. Nakala mbili kongwe za Kigiriki, ya Sinai na ya Vatikani, zina kitenzi kingine, chenye maana ya kuonekana au kufichuliwa, na baadhi ya tafsiri za Kiingereza zinazotumiwa sana na Wakristo wa kiinjili zimeufuata usomaji huo. Katika usomaji wa kwanza dunia ni kuni. Katika wa pili ni kitabu cha hesabu kitakachofunguliwa. Katika kila kanisa ambamo tafsiri ya 1952 bado husomwa, kinachosikika ni kuteketea, na mhubiri anayewaomba waumini wake waje Jumamosi kupanda mikoko huenda ndiye aliyewasomea kitenzi hicho Jumapili iliyotangulia.