New York: Handaki Fupi Lililobadilisha Njia Nyingi

Ramani ya treni za chini ya ardhi za New York humfanya mgeni aamini kwamba kila mstari wa rangi ni reli yake. Sivyo. Reli zimelazwa pale miaka nenda miaka rudi. Herufi na rangi ndizo zinazohamishwa juu yake. Kinachoamua treni gani iende wapi ni makutano ya reli. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kazi iliyobadilisha zaidi usafiri wa mji ule baada ya vita vikuu vya pili haikuwa kujenga laini mpya ndefu. Ilikuwa handaki fupi chini ya mtaa wa Chrystie, upande wa kusini mashariki wa Manhattan.

Mfumo ulirithiwa kutoka kwa wapinzani. Kampuni ya IRT ilifungua laini yake mwaka 1904, BMT ilitamba Brooklyn, na mwaka 1932 serikali ya jiji ikafungua mtandao wake, IND, uliokusudiwa kushindana na hizo mbili. Juni 1940 jiji lilizinunua kampuni hizo mbili, lakini hati ya mauzo haikuweza kuyapanua mahandaki. Behewa la IRT lina upana wa mita 2.67 tu, ilhali mahandaki ya BMT na IND yalikusudiwa behewa la mita 3.05. Ukiipeleka treni ya IRT kwenye jukwaa la BMT, unabaki mwanya wa karibu sentimita 20 wa kumeza mguu wa mtoto. Kwa hiyo njia za namba na njia za herufi hazichanganyiki hata leo. Zilizobaki kuunganishwa ni BMT na IND, na wahandisi walianza na viungo rahisi zaidi: laini ya Culver mwaka 1954, kisha handaki la 60th Street mwaka 1955.

Kiungo kigumu kilikuwa Manhattan Bridge, kati ya Brooklyn na Manhattan. Daraja hilo lina reli nne, mbili kila ukingo. Jozi ya kaskazini ilikuwa ikiingia Broadway. Jozi ya kusini ilimwaga treni kwenye laini ya Nassau, iliyohudumia mitaa ya fedha ya kusini mwa Manhattan, wakati ofisi zilikuwa zimekwisha kusogea kaskazini, katikati ya kisiwa. Hapo katikati, laini ya Sixth Avenue ya IND haikuwa na reli za treni za haraka kati ya West 4th Street na 34th Street.

Suluhisho lilikuwa kuhamisha ncha za daraja. Jozi ya kaskazini ikapelekwa Sixth Avenue kupitia Chrystie, ya kusini ikapewa Broadway, na Nassau ikakatwa kabisa na daraja. Wakati huohuo reli mbili za haraka zilizokosekana zikachimbiwa mahandaki chini zaidi, kwa kuwa juu yake tayari palikuwa na reli za kwenda New Jersey. Uchimbaji wa Chrystie ulianza mwaka 1957; treni zikapita Jumapili ya tarehe 26 Novemba 1967.

Kiufundi ilikuwa kazi safi. Kwa abiria ilikuwa msukosuko. Watu wa laini ya Brighton huko Brooklyn, waliozoea kushuka Broadway, walijikuta wakipelekwa Sixth Avenue na treni ya D. Malalamiko yalikuwa mengi na, naamini, yalikuwa ya haki. Wapangaji walihesabu treni ngapi zitapita bila kugongana njia. Hawakuuliza vya kutosha mtu anatoka wapi na anakwenda kufanya kazi wapi.

Halafu daraja lenyewe likadai chake. Reli ziko kingoni, kwa hiyo treni inapopita upande mmoja, upande huo hushuka na daraja zima hujipinda. Baada ya 1967 treni nyingi zaidi zilipita kaskazini, na vyuma vilichoka. Kuanzia 1986 ukarabati ulilazimu kufunga upande mmoja baada ya mwingine, na kila kufungwa kulizaa ramani mpya. Kwa miaka mingi Q ilikuwa treni ya Sixth Avenue, yenye rangi ya chungwa. Julai 2001 upande wa kaskazini ulipofungwa, ikahamia Broadway na kuvaa njano. Treni za B na D zikaishia 34th Street. Kituo cha Grand Street, kinachotumiwa sana na watu wa Chinatown, kilibaki na treni ya kwenda na kurudi tu.

Pande zote mbili zilipofunguliwa Februari 2004, wapangaji hawakurudisha ramani ya zamani. Brighton walipewa Q ya Broadway usiku na mchana, pamoja na B ya siku za kazi. D ikahamishiwa West End, laini nyingine ya Brooklyn. Huu ndio uamuzi ninaousifu zaidi katika historia hii yote, kwa sababu hatimaye Brighton walipata Broadway na Sixth Avenue kwa pamoja, bila kuchimba hata mita moja.

Handaki la Chrystie lilikuwa na tawi jingine, la kutoka Williamsburg Bridge, lililofunguliwa 1968 na kuachwa bila treni za abiria mwaka 1976. Mwaka 2010, bajeti ilipobana, treni ya V ilifutwa na M ikapitishwa kwenye tawi hilo, ikabadilika kutoka kahawia hadi chungwa. Watu wa Ridgewood na Bushwick, ng'ambo ya daraja hilo, wakapata safari ya moja kwa moja hadi katikati ya Manhattan. Lakini majukwaa ya huko, mengi yakiwa juu ya nguzo za chuma, yanapokea mabehewa 8 tu, kama mita 146, wakati majukwaa ya Sixth Avenue na Queens Boulevard yanabeba treni ya mita 183. Kwa hiyo kila M inayopita Queens saa za msongamano inachukua nafasi ya treni nzima huku ikiwa na upungufu wa mabehewa mawili, na hilo halitarekebishwa kwa kubadili herufi wala rangi mpaka majukwaa yarefushwe.