Fisi Asiyesikia Watoto

Kurekodi mazungumzo yote ya mchezo wa watoto ni kosa, na onyesho la Jumamosi la mchezo wa Sungura na Fisi limelianika wazi. Mliokuwapo mnakikumbuka kipande chenyewe: Sungura amejilaza chini ya mbuyu, Fisi ananyata kutoka kushoto, ukumbi mzima unapiga kelele, "Nyuma yako! Nyuma yakooo!" Kijana mmoja wa safu ya mbele alipanda juu ya kiti, kandambili mkononi, tayari kumrushia Fisi.

Mwigizaji haombi zaidi ya hapo. Fisi angesimama, angewageukia watoto, kidole mdomoni, awasihi wasimchongee. Sungura angeuliza "Wapi?" na kutazama upande usio sahihi, watoto wapige kelele mara ya pili, na ya tatu, na wazazi nao waingie. Badala yake sauti ya kwenye spika iliendelea na maneno yake, taya la kinyago likiifukuzia kwa nyuma. Na Fisi mwenyewe alijua. Nilimwona akisita, mguu mmoja ukabaki hewani, halafu akaukanyaga chini kuwahi neno linalofuata, maana rekodi haimsubiri mtu.

Pleibeki nimeipigia kelele tangu ilipoanza kuwazoesha waimbaji kufungua mdomo tu jukwaani, na sitachoka. Kwa watoto ni mbaya zaidi, kwa sababu kelele zao ndizo ishara ya mwigizaji kuendelea.

Sikatai, maleba yalipendeza, na mpiga ngoma hakukosea hata pigo moja.

Najua mwongozaji atasema vinyago vinameza sauti na feni za ukumbi zinanguruma. Ni kweli, ila dawa yake ni ya zamani: kinyago cha nusu uso kinachoacha mdomo wazi, au mtambaji mmoja aseme huku wanyama wakicheza kwa mwili. Ebrahim Hussein alimwandikia mtambaji Jogoo Kijijini mwaka 1976, sauti moja ikabeba masimulizi yote. Penina Muhando akamweka bibi mtambaji ndani ya Lina Ubani, 1984. Hao walijua kwamba anayesema "Paukwa!" lazima anyamaze asikilize "Pakawa!" Na marehemu King Majuto, kabla ya kamera kumfikia, alipikwa na vichekesho vya jukwaani; kandambili ile asingeiacha ipite bure.

Baadaye Sungura aliuliza, "Nimfungulie Fisi kamba?" Rekodi ikaacha nafasi ya jibu. Ukumbi kimya. Watoto walishaonja kutosikilizwa, na yule wa kandambili alikuwa amekaa, anamung'unya ubuyu. Spika ikajijibu yenyewe: "Mmesema ndiyo!"

Mchezo unarudi Jumamosi ijayo. Nyimbo zibaki kwenye rekodi, sina ugomvi nazo. Lakini kuanzia Fisi anapotokea mpaka Sungura anapokurupuka, fundi mitambo azime, na wale waigizaji wawili waachiwe midomo yao.