PhET na ammita isiyokosea

Ukiongea na walimu wa fizikia kuhusu moduli za kidijitali, jina la PhET halikawii kutajwa. Mradi huu ulianzishwa 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2001. Simulesheni zake ni za bure, zinaweza kupakuliwa zikatumika bila intaneti, na baadhi zipo kwa Kiswahili. Kwa shule yenye ammita mbili na wanafunzi sitini, hilo si jambo dogo.

Chukua ile ya kuunda saketi. Mwanafunzi anayeamini kuwa balbu ya kwanza "inakula" umeme na kuiachia ya pili mabaki, anaona elektroni zikitembea kwa kasi ileile kabla na baada ya balbu. Chaki haiwezi hilo.

Shida yangu iko kwenye vipimo. Betri ya volti 9, balbu ya omu 10, ammita inasoma ampia 0.90. Kila mara, kila kikundi. Halafu moduli inamwambia mwanafunzi ajaze jedwali na "kuthibitisha" kanuni ya Ohm. Athibitishe nini? Programu imeikokotoa namba hiyo kwa kanuni hiyohiyo! Ammita ya kwenye skrini haijapima kitu chochote. Kama tunachotaka ni mwanafunzi anayejua ushahidi unatoka wapi, hapa tunamfundisha kinyume chake, tena kwa rangi nzuri.

Wapo watakaonikumbusha utafiti wa Colorado wa 2005: waliotumia simulesheni waliunda saketi halisi vizuri kuliko waliojifunza kwa vifaa. Sawa kabisa. Lakini hao mwishoni walikabidhiwa balbu na nyaya za kweli, wakatakiwa kueleza wanachokiona. Moduli nyingi nilizopitia zinaishia kwenye jedwali.

Cha kusikitisha ni kwamba dawa imo humohumo. Sehemu ya Maabara ina kitelezi cha kuongeza ukinzani wa ndani wa betri, ila kimejificha na hakuna anayekigusa. Kikiwa sifuri, ukiunganisha balbu ya pili sambamba, ya kwanza haififii. Kipandishe, inafifia. Sasa mpe mwanafunzi betri za tochi zilizochoka na balbu mbili, umwulize ukinzani wa betri zake ni kiasi gani. Jibu la kikundi cha jirani halitamsaidia.