Kitabu Kisichotoka Kichwani: Namna ya Kukitambua

Anayetaka kujua kama riwaya ina uzito asianze na jalada, wala sifa zilizochapwa nyuma yake. Aanze na mtu aliyeisoma zamani akaiweka kando. Kasikeu, upande wa Kilome katika kaunti ya Makueni, mtu wa aina hiyo hatafutwi mbali. Waliofanya mtihani wa kidato cha nne kati ya 2013 na 2017 walisoma Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, wapende wasipende, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa riwaya teule ya miaka hiyo. Leo mmoja anaendesha boda, mwingine anauza ndengu Sultan Hamud. Karatasi ya Tatu ya mtihani huo iliwataka waeleze maudhui ya uongozi mbaya na sifa za Mtemi Nasaba Bora, wakazikariri, wakazijibu, zikayeyuka.

Waulize sasa wakusimulie riwaya yenyewe. Kinachotangulia kutoka mdomoni huwa ni mswada. Amani, kijana anayechunga ng'ombe wa Mtemi, aliandika kitabu. Mwalimu Majisifu, mtu mzima mwenye heshima zake, akakiiba na kukichapisha kwa jina lake. Na kitabu kilichoibwa kina jina lile lile la riwaya ambayo msomaji ameishika. Walibora angeweza kuandika sura nzima ya kulaani wizi. Badala yake alimtia msomaji mkononi kitu kilichoibwa.

Hapo ndipo jicho la mjuzi linapotua kwanza: je, kitabu kina kitu cha kushikika kinachobeba uchungu wake? Si lazima kiwe kikubwa. Ukambani wanalijua hili bila kufundishwa na mhakiki yeyote. Njaa ya 1984 haikumbukwi kwa kiasi cha mvua kilichokosekana bali kwa watu waliokuwa na fedha mkononi na chakula cha kununua hakuna, na ndiyo maana hadi leo inaitwa Nikw'a Ngwete. Mwandishi anayesema "umaskini ulikithiri" amefanya kazi ya karani wa takwimu. Anayemwonyesha mtu amekunja noti ambayo haina duka la kwenda, huyo atakumbukwa.

Ukurasa wa kwanza nao husema mengi. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyoirithi Kidagaa katika mtihani kuanzia 2018, inamfungua msomaji macho mbele ya Ridhaa akiwa amesimama penye magofu ya kilichokuwa kwake, jamaa zake wameteketea. Kwa Mkenya aliyeziishi ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008 hapahitaji maelezo. Riwaya hiyo baadaye inajaa wahusika wengi mno, na msomaji mwaminifu atakiri kwamba baadhi yao humchanganya. Lakini mtu aliyesimama penye majivu habanduki. Kitabu kinaweza kuwa na kasoro za wazi na bado kikadumu, ilimradi kina mahali pamoja ambapo mwandishi hakukwepa.

Kuna alama za uongo pia, na kubwa kuliko zote ni mshtuko. Mfano wake umezaliwa jirani kabisa na Kasikeu. David Maillu, mtoto wa Kilungu aliyezaliwa 1939, alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, na katika miaka ya 1970 akaijaza Kenya vitabu vidogo vya bei nafuu: My Dear Bottle mwaka 1973, After 4.30 mwaka uliofuata. Walevi, makarani wa kike, mabosi wenye mikono mirefu baada ya saa za kazi. Wahakiki wa vyuo vikuu walikunja pua. Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Vilinunuliwa kwa sababu vilikuwa na harufu ya kilichokatazwa, na harufu hiyo imekwisha. Kijana wa leo mwenye simu hashtushwi na lolote lililomo. Basi kumebaki nini? Katika My Dear Bottle imebaki sauti: mlevi anayezungumza na chupa yake, anajitetea, anajicheka, anadanganya na kujua kwamba anadanganya. Hicho ndicho Maillu alichokuwa nacho zaidi ya uchafu uliomletea sifa na lawama. Njia ya kupima ni rahisi: ondoa kichwani kile kipande cha kushtua, kisha uone kama bado kuna mtu ndani ya kitabu.

Msomaji wa Kasikeu ana swali jingine ambalo wa Unguja hana. Nyumbani ni Kikamba. Kiswahili sanifu alikutana nacho darasani. Je, lugha ngumu hukizuia kitabu kumkaa kichwani? Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, ilitoka 1980 na kuja kuwa kitabu teule nchini Kenya, ikiwa na msamiati ambao walimu wengi wa bara waliufungulia kamusi. Wanafunzi walilalamika. Hata hivyo Maimuna, msichana aliyefungiwa ndani na baba yake Maksuudi akaja kupotelea mjini, hakusahauliwa nao. Maneno magumu hayaui kitabu. Kinachokiua ni maneno mapambo: methali tatu katika aya moja zenye kusema jambo lile lile, au mtoto wa miaka tisa anayeongea kama mzee wa baraza. Ugumu wa Said Ahmed Mohamed ni wa mtu anayeita vitu kwa majina yake ya kwao. Ugumu wa mwigaji ni wa mtu aliyefungua kamusi ya methali kabla ya kufungua dirisha.

Kitabu kisomwe kwa sauti. Hiki ndicho kipimo kisichodanganyika kirahisi, na kina historia. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1980, kitabu alichokiandika gerezani kwa Kikuyu, kilisomwa kwa sauti nyumbani, kwenye matatu na katika baa. Mwenyewe ameeleza jinsi wasomaji wa baa walivyokuwa wakikatiza penye utamu kabisa na kuweka kitabu chini hadi glasi zao zijazwe tena. Huko Ukambani, John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, anayejulikana ulimwenguni kwa kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alianza mapema zaidi na jambo dogo zaidi: 1954 alichapisha Mutunga na Ngewa Yake, hadithi kwa Kikamba, na baadaye akakusanya ngano za Wakamba katika kitabu cha 1966. Alijua kwamba ngano haikukaa vizazi kwa sababu ya funzo lililobandikwa mwishoni. Imekaa kwa sababu ulimi unaipenda: wimbo unaorudi na mnyama anayejibu kwa sauti yake. Ukisoma sura ya riwaya kwa sauti na wanaosikiliza wakaanza kutazama simu, tatizo mara nyingi si wao.

Halafu kuna usomaji wa pili. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliwahi kuondolewa katika shule za Tanzania kwa madai ya kukiuka maadili. Msomaji wa miaka kumi na saba humfuata Rosa: barua ya mvulana, kipigo kutoka kwa baba, kisha uhuru wa ghafla shuleni ambao hakuna aliyemfundisha kuutumia. Msomaji huyo huyo akishakuwa mzazi hukuta kitabu kingine ndani ya kile kile. Sasa anamtazama Zakaria, yule baba mlevi mkali, na Regina, mama anayenyamaza, na kuhesabu mara ambazo janga lingeweza kuzuilika. Maandishi hayajabadilika hata nukta. Kitabu chepesi hakina chumba cha pili cha namna hiyo. Ukikirudia unakuta viti vile vile vitupu.

Kuhusu ujumbe, wajuzi wengi watakwambia unaua hadithi, na kwa kawaida wako sawa. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1951, ndiyo inayowasumbua. Kitabu chote ni hoja: Karama ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria katika nchi inayoelea hewani, naye anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita. Hakuna mapenzi, hakuna siri ya kufichuliwa, majina yote yana maana. Kwa kanuni zote kingepaswa kuwa kikavu kama mbaazi za Septemba. Lakini kila mjumbe anatumwa mbali, anarudi na jambo jema, na kila anayerudi anatupwa gerezani. Anatoka wa pili. Wa tatu. Kufikia wa nne msomaji anajua yatakayompata na bado anatumaini. Shaaban Robert aliuficha ujumbe ndani ya mwendo wenyewe wa hadithi, si ndani ya hotuba, ingawa hotuba hazikosekani.

Mwisho wa riwaya hauhitaji kupimwa sana. Siku Njema ya Walibora, ya 1996, inamalizika kwa neema nyingi kuliko maisha yanavyotoa, na bado watu walioisoma wakiwa vijana wanamtaja Kongowea Mswahili kana kwamba walikuwa naye dawati moja. Wanayoikumbuka ni safari kutoka Tanga ya kumtafuta baba Kitale. Ile furaha ya mwisho ni nadra kuitaja.

Kwa anayenunua vitabu vilivyotumika, kwenye yale maduka ya kando ya njia ambayo Nairobi huyaita Inama Bookshop, nakala yenyewe hutoa ushahidi. Mistari ya penseli chini ya dondoo za mtihani peke yake haithibitishi kitu, ilikuwa kazi. Tafuta ukurasa uliochakaa pasipo mstari wowote. Tafuta kitabu kilichofunguka katikati peke yake, kwa sababu mtu alipita hapo mara nyingi bila kuulizwa na mwalimu. Jalada kung'oka ni dalili njema. Kurasa nyeupe kuanzia sura ya nne hadi mwisho ni dalili mbaya, hata kama kitabu kina tuzo.

Mwenye fedha ya kitabu kimoja tu, na asiyetaka tena kuona kilichomtesa shuleni, atafute Kuli ya Adam Shafi, ya 1979. Rashidi anabeba mizigo bandarini Unguja, na mgomo wa 1948 unakuja. Kuna gunia, bega, na mshahara usiotosha. Kitabu kinaweza kumalizwa ndani ya safari ya basi kutoka Sultan Hamud hadi Mombasa, foleni ya Mlolongo ikiwa upande mwingine, wa kwenda Nairobi.