Faida ya Kukawia: Habari za Wakilindi na Uandishi wa Historia ya Ukoo

Kati ya vitabu vya nathari vilivyoandikwa kwa Kiswahili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, hutajwa na wanahistoria zaidi kuliko wahakiki. Wanahistoria hukifungua kutafuta majina ya watawala wa Usambaa, na wakisha kuyapata hukifunga. Wahakiki nao, kwa kuwa kitabu si riwaya wala si utenzi, hukipita kama mtu apitavyo nyumba ya jirani asiye na udugu naye wala ugomvi. Makundi yote mawili yamekipunja. Ubora wa kitabu hiki hauko katika orodha ya wafalme, wala katika ufundi wa masimulizi peke yake, bali katika jambo ambalo ni nadra kutazamwa: mwandishi alikaa na habari za ukoo mmoja kwa sehemu kubwa ya umri wake, na kukaa huko kumeingia katika maandishi yenyewe.

Kitabu hakikuandikwa kwa pumzi moja. Kilitoka sehemu kwa sehemu kati ya 1895 na 1907, kikichapishwa na wamisionari wa UMCA. Mwandishi akafa mwaka 1912. Na katika 1962 ndipo J. W. T. Allen alipokitoa chote katika juzuu moja. Nyuma ya miaka hiyo ya kuchapa ipo miaka mingine mingi ya kusikiliza. Ajjemy alikuwa mtu wa pwani, si Mkilindi. Lakini aliishi Mazinde kwa Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, akiwa karani wake, na baadaye akawa liwali katika pwani ya Tanga. Aliyekuwa akimwandikia mkubwa wa ukoo barua zake alijua mengi ambayo hayakutiwa barua.

Tofauti ya kukaa na kupita yaonekana wazi mtu akiweka kitabu hiki kando ya maandishi ya wageni. Krapf alifika kwa Kimweri katika 1848 na tena katika 1852. Burton na Speke walifika Vuga katika 1857. Walimwona mfalme mzee, wakaandika walichokiona, wakashuka mlimani. Maandishi yao yana faida kwa tarehe, maana Kimweri alikufa 1862 nao ni mashahidi wa siku zake za mwisho. Hata hivyo mfalme wao ni mti mmoja uliosimama uwandani. Kwa Ajjemy hapana Mkilindi aliye peke yake. Kila mtu ni mwana wa mke fulani, wa mahali fulani, mwenye wajomba fulani. Na msomaji akisahau mama wa mtu ni nani, punde hataelewa kwa nini nchi hii imemkubali na ile imemkataa. Elimu ya namna hii haipatikani kwa kuuliza maswali siku tatu. Hupatikana kwa kuwapo arusini na matangani, mwaka baada ya mwaka, hadi majina yajipange yenyewe.

Mwanzo wa kitabu ni kisa cha Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Ngulu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia, na jamaa zake wakalitumia jambo hilo kumnyima urithi. Akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkubwa wa huko, na kijana yule alipokufa katika uwindaji Mbegha hakuweza kukaa tena. Akaingia milima ya Usambaa na mbwa wake, akawapa watu nyama nao wakampa chakula cha shamba, hata mwisho wakampa nchi. Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa, ameonyesha kuwa kisa hiki hakifai kusomwa kama taarifa ya mambo yaliyotokea siku fulani. Kina mpangilio wake, nyama kwa chakula cha shamba, mwitu kwa mji, na maana yake imo katika mpangilio huo. Hoja hiyo yakubalika. Lakini yafaa kuongezwa jambo moja la uhakiki. Sehemu za baadaye zasimulia jinsi Semboja alivyomtoa Vuga mwana wa nduguye, Shekulwavu, mrithi wa Kimweri, akamweka mwanawe mwenyewe. Na jinsi Wabondei walivyoinuka kuwafukuza Wakilindi katika ghasia iliyoitwa Kiva. Ukoo ulioanzishwa na mtu aliyenyimwa urithi na jamaa zake wafikia mahali ambapo jamaa wananyang'anyana urithi. Ajjemy haelezi ulinganifu huo kwa neno lolote. Aliposhika kalamu kuandika juu ya Mbegha alikuwa amekwisha kuuona ukoo ukivunjika, na yamkini ndiyo sababu kisa cha meno na urithi kimepewa uzito hivyo. Mwanzo ulingoja mwisho wake.

Lipo la kulaumiwa. Mwandishi alikula chumvi ya upande mmoja, na msomaji makini hana budi kumpima kila Semboja anapotajwa. Lakini hapo pia miaka imefanya kazi. Semboja alikufa 1895, mwaka ule ule ambao kitabu kilianza kutoka, na sehemu zilizofuata zilisomwa katika nchi ambayo yeye hayumo tena. Haihitaji kudhani mengi kuona kwamba karani wa mtu aliye hai na karani wa marehemu hawana uhuru ulio sawa. Tippu Tip, ambaye maisha yake kwa maneno yake mwenyewe yalichapishwa na Brode katika 1902 na 1903, na baadaye na Whiteley katika kiambatisho cha jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, alisimulia kwa ufasaha mkubwa; ila pale msemaji na mshitakiwa ni mmoja, na jamaa zake huonekana kadiri wanavyomfaa safarini.

Kwa upande wa lugha, Ajjemy hutembea na -ka- ya masimulizi kama mwenye kupanda mlima kwa mwendo wa kudumu, akisimama mara kwa mara kuwapa watu nafasi ya kusema. Maneno ya Kisambaa, kama zumbe na Simba Mwene, huingia bila kuombewa radhi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuyazoea.

Faida ya kurudia habari za ukoo kwa muda mrefu yaonekana kwa sura nyingine katika Habari za Pate. Asili yake, husemwa, iliteketea Waingereza walipoushambulia Witu katika 1890. Nakala zilizopo karibu zote hurudishwa kwa mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, aitwaye Bwana Kitini, ambaye alikuwa wa ukoo huo wa masultani na aliwasimulia watu mbalimbali. Stigand alitoa yake katika 1913, Werner yake katika 1914 na 1915, na hazilingani. Wengi wamehesabu kutolingana huko kuwa hasara. Wamekasirika pia juu ya miaka: habari hizo humpa kila sultani muda wake wa kutawala, tangu Sulaiman wa kwanza aliyetoka Omani mwaka 600 wa Hijria, na Chittick alionyesha katika 1969 kwamba hesabu hiyo haiwezi kusimama. Ni kweli. Ajabu ni kwamba kilichoanguka ni kile kilichoonekana imara kuliko vyote, yaani tarakimu. Kilichobaki ni mzee mmoja akiupanga upya ukoo wake kila alipoulizwa, hapa akirefusha, pale akiruka. Mtu anaporuka jina la babu katika masimulizi ya pili, kuna sababu, na sababu hiyo ni habari.

Marina Tolmacheva alizitoa pamoja katika 1993 nakala nne zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini kazi yake ilikuwa ya mhariri na mfasiri. Bado hajatokea mhakiki wa kuzisoma nakala hizo jinsi zisomwavyo tungo za malenga mmoja, za ujanani kando ya za uzeeni.