Leseni ya Kunakili na Kipimo cha Kurasa

Mtu akichuma ndizi moja katika mkungu, amechukua sehemu. Akichukua shairi moja katika diwani, amechukua kazi nzima ya mtungaji, ijapokuwa diwani imebakiwa na kurasa mia. Tofauti hii hunirudia kila nisomapo masharti ya leseni za kunakili vitabu vyenye hakimiliki, kwa sababu leseni hizo aghalabu huhesabu kurasa.

Zamani aliyetaka sura ya kitabu cha mwenzake aliinakili kwa mkono, na uchovu wa mkono ulimlinda mwandishi kuliko sheria. Mwaka 1959 kampuni ya Xerox ya Marekani ilidhihirisha mashine yake ya 914, iliyotoa nakala juu ya karatasi ya kawaida kwa kubonyeza kitufe, na ulinzi ule ukaisha. Baadaye ilibuniwa njia ambayo siwezi kuilaumu: chombo kimoja hupewa idhini na waandishi na wachapishaji wengi, huviuzia vyuo leseni, kisha hugawa mapato kwa wenye haki. Kenya iliunda KOPIKEN mwaka 1995. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1999, ilianzisha COSOTA, iliyowakusanya waandishi pamoja na wanamuziki. Pasipo vyombo vya namna hii mwalimu angelazimika kumwandikia barua kila mtungaji, na baadhi yao wamekwisha kuzikwa.

Lawama yangu ni juu ya kipimo. Leseni wapewayo vyuo vikuu vya Uingereza huruhusu sura moja ya kitabu au asilimia 10 yake. Na katika mkusanyo wa hadithi fupi au mashairi, huruhusu hadithi moja au shairi moja lisilozidi kurasa kumi. Walioandika masharti hayo waliona kwamba shairi ni kitu cha peke yake, ndiyo maana wakalitaja. Lakini walipokwisha kuliona wakarudi kulipima kwa kurasa. Shairi la beti nane huenea ukurasa mmoja. Lina mwanzo wake, hoja yake na tamati yake, na mtungaji hakubakiza kitu. Kwa kipimo hiki mshairi hutoa vyote na kuhesabiwa kuwa ametoa kidogo.

Mwandishi wa riwaya naye hudhulumiwa kwa upande wa pili. Tazama Kusadikika ya Shaaban Robert. Karama, aliyeshitakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, hujitetea kwa kuhadithia safari za wajumbe sita. Mwanafunzi akipewa kitini chenye safari ya mjumbe mmoja, anapata hadithi ya msafiri. Kesi haipati, na pasipo kesi safari ile haina maana aliyoikusudia mwandishi. Leseni itasema kwamba sheria imefuatwa.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kuacha leseni kabisa, nao huitaja Delhi. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wa nchi za nje walishitaki duka la kutoa nakala pamoja na Chuo Kikuu cha Delhi, kwa ajili ya vitini vya wanafunzi. Septemba 2016 Mahakama Kuu iliitupa kesi. Desemba, katika rufaa, majaji walisema kwamba la kutazamwa ni kama nakala zilihitajiwa na mafundisho, wala si wingi wa kurasa. Na mwaka 2017 wachapishaji waliondoa madai yao. Kukataa kuhesabu kurasa kulikuwa kwema, nami nakusifu. Lakini majaji waliona pia kwamba mwanafunzi si mnunuzi wa vitabu vile vya rejea, kwa hiyo soko halipungui. Hapo ndipo hukumu isipoweza kuhamishwa. Kitabu cha Oxford au Cambridge kina maktaba za dunia nzima za kukinunua. Diwani ya Kiswahili ina nani, mbali na wanafunzi? Darasa likitosheka na nakala za dukani, soko lote limekwisha pale pale mlangoni.

Basi leseni ibaki, lakini ihesabu kazi: shairi zima lilipiwe kama kazi nzima, na kila kitini kiandikwe jina la mtungaji na la kitabu, maana chombo hakiwezi kumlipa mtu asiyetajwa. Sharti hili la pili halingoji bunge. Latungojea sisi waalimu, na nakiri kwamba mimi nilikuwa mmoja wa wavivu. Miaka kadhaa iliyopita nilikata shairi katika diwani, nikalibandika juu ya karatasi nyeupe, nikalipeleka katika duka la nje ya lango la chuo likatolewa nakala sitini. Jina lilikuwa juu ya jalada, na jalada sikulinakili. Juma lililofuata mwanafunzi mmoja alisimama akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, shairi hili umelitunga wewe?"