Mwindo amefika Kalundu

Tumesoma hadithi ya Mwindo jinsi wanafunzi wa Uvira walivyoiandika upya. Katika masimulizi ya Wanyanga, yaliyonakiliwa mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Candi Rureke, Shemwindo anamfungia mwanawe ndani ya ngoma, anaamuru atupwe mtoni. Wanafunzi wameileta ngoma hiyo ziwani Tanganyika: wavuvi wa Kalundu wanasikia mtoto akiimba chini ya mtumbwi. Hapo tulitetemeka kweli.

Lakini wanaishia pale mwana anapomshinda baba. Kumbe Mwindo alimsamehe, wakagawana utawala! Tena baadaye Nkuba, mwenye radi, alimpandisha mbinguni, akateswa kwa baridi, joto na njaa, kwa sababu aliua joka, rafiki wa Nkuba. Vijana hawa wamekua wakisikia bunduki. Labda msamaha waliuona uongo. Basi watuandikie sehemu ya pili.